Intel na AMD wanashindana kwa kori. Nani atashindana kwa koltani?

Mwezi wa tisa 2024, kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa prosesa mpya ya seva, Xeon 6, yenye kori 128. Wiki mbili hivi baadaye, mpinzani wake AMD akajibu kwa EPYC yenye kori 192. Kori ni ile sehemu ya prosesa inayofanya hesabu. Zikiwa nyingi, seva moja inatumikia watu wengi kwa wakati mmoja.

Mtu wa Goma ao Bukavu atauliza: hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu mara mbili.

Kwanza, kila unapotuma feza kwa simu, kuna seva mahali fulani inayofanya hesabu hiyo. Hadi 2017 Intel ilikuwa karibu peke yake kwenye soko hilo. Mwaka huo AMD ilirudi na EPYC ya kori 32, na 2019 ikafika 64. Intel ililazimika kuamka. Mwenye duka pekee hapunguzi bei. Jirani akifungua lake, mazungumzo yanaanza.

Pili, seva hizo zina kitu cha kwetu. Tantali, inayotolewa kwenye koltani, huwekwa ndani ya prosesa kama utando mwembamba sana unaozuia shaba isipenye pasipotakiwa. Bati, wolframu na dhahabu nazo zinatumika. Ni madini yale yale yanayochimbwa kwa mikono Masisi, Walikale na Shabunda.

Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria ya Dodd-Frank. Kifungu chake cha 1502 kinataka kampuni za soko la hisa zieleze kama madini yao yanatoka Kongo ao kwa majirani zetu. Januari 2014, Brian Krzanich, aliyekuwa mkuu wa Intel, alitangaza kwamba prosesa zao hazitakuwa tena na madini yanayolisha vikundi vya silaha. Siku ile madini yetu yalikuwa sifa ya kuuzia bidhaa. Leo Intel na AMD zinaandika ripoti kila mwaka, lakini zinapogombea mteja zinataja kori, umeme na bei.

Wengine wataniambia: usiamshe jambo hilo, watatukimbia. Wana haki ya kuogopa. Septemba 2010 Rais Kabila alisimamisha uchimbaji Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema hadi Machi 2011. Wanunuzi wengi wa nje nao walijitenga. Aliyeumia zaidi ni mchimbaji mdogo, aliyekosa feza ya kulipia watoto masomo, wakati mwenye bunduki alitafuta njia nyingine.

Kwa hiyo siombi watukimbie. Tangu mwezi wa ine 2024 Rubaya iko mikononi mwa M23, na kwa kampuni ya mbali ni rahisi kusema "Kongo basi". Kazi ngumu ni kubaki na machimbo ambayo bado yanaweza kufuatiliwa, kujua mfuko umetoka shimo gani, na kulipa gharama ya kufuatilia bila kumbebesha mchimbaji. Anayefanya hivyo vizuri zaidi ndiye astahili kushinda.

Nani ataanza kudai? Sisi wenyewe. Vyuo vikuu, banki, hospitali na mashirika ya misaada hapa mashariki wananunua seva. Katika zabuni wanaandika idadi ya kori, memori na garanti. Waongeze mustari mmoja: muuzaji alete ripoti ya madini ya mtengenezaji, na aonyeshe ananunua nini Kongo na kwa njia gani. Mustari huo haugharimu hata franka moja.

Soko letu ni dogo, najua. Lakini kama mwenye koltani mwenyewe haulizi, tusishangae mnunuzi wa Paris ao New York naye akihesabu kori peke yake.