Sura ya Ojwang', Mfuko wa Wanjau

Taja jina la Benson Wanjau mbele ya wazee wa mtaa wa Mbotela, na yamkini baadhi yao watakuuliza ni mwana wa nani. Mtaje Ojwang' Hatari, nao watacheka kabla hujamaliza. Kabla ya KTN kuanza matangazo mwaka wa 1990, nchi nzima ilikuwa na stesheni moja tu ya televisheni, na katika nyumba finyu za Eastlands jirani asiye na seti alibisha hodi kwa mwenye nayo ili asipitwe na Vitimbi.

Wanjau alikuwa Mkikuyu. Alimwigiza Mjaluo kwa lafudhi, kwa mwendo, kwa miwani na kwa ule weupe aliojipaka ndevuni, hata watazamaji wengi wangeapa kwamba ni mzaliwa wa Nyanza. Katika nchi ambayo wanasiasa wake wamekuwa wakiyagombanisha makabila hayo mawili tangu miaka ya sitini, huo haukuwa mzaha mdogo. Kando yake alikuwepo Mary Khavere, yaani Mama Kayai, ambaye ulimi wake ulimfanya Ojwang' ajikunyate nyumbani mwake mwenyewe.

Macho yalipompungukia nuru uzeeni, watu walichangishana fedha ili atibiwe. Alifariki Julai 2015. Wapo wasemao kwamba michango ile ilikuwa ishara ya mapenzi, nami sikatai. Lakini je, fundi aliyeifanyia televisheni ya taifa kazi kwa miongo kadhaa alistahili kutegemea huruma, au alistahili haki yake?

Huko Marekani swali hilo liliulizwa mwaka wa 1960, waigizaji wa filamu walipogoma. Kiongozi wao alikuwa Ronald Reagan, mwigizaji wa sifa za wastani aliyekuwa pia mtangulizi wa kipindi cha televisheni cha General Electric. (Ndiye huyo huyo ambaye, akiwa rais mwaka wa 1981, aliwafukuza kazi waongozaji wa ndege waliogoma!) Waigizaji walidai kwamba filamu inapouzwa kwa televisheni na kurudiwa tena na tena, nao wapate fungu. Baada ya wiki sita hivi walipatana. Hawakupata yote: filamu za miaka ya nyuma ziliachwa nje, jambo lililowaudhi wakongwe. Hata hivyo, studio zilitoa dola milioni 2.25 za kuanzisha mfuko wa uzeeni na matibabu.

Hapa kwetu ipo Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na marekebisho ya 2012 yalimpa mwigizaji haki ya kulipwa ujira wa haki kazi yake inapotangazwa. Kisheria, basi, hatuna udhuru. Kinachokosekana ni kumbukumbu: nani aliigiza katika kipindi kipi, na kwa mapatano gani? Sheria haimlipi mtu anayejulikana kwa jina la kuchekesha tu. Vitimbi vya zamani sasa vinatazamwa kwenye simu, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wanavicheka vile vile.

Mashirika ya utangazaji na yafungue maghala yao, yaandike orodha kamili ya waigizaji wa kila kipindi cha kale na kuitangaza hadharani. Kazi hiyo ifanywe sasa, wakati wangali hai baadhi ya waigizaji wa zama zile wanaoweza kueleza walitia sahihi karatasi gani, na walilipwa nini.