Mabaraza Tumeyalinda, Sharubati Je?

Pepo za kaskazi zianzapo kuvuma mwezi wa Disemba, na joto la Pwani likazidi hata usiku usilete nafuu, watu wa Mombasa, Malindi na Lamu hutoka nje. Baada ya sala ya alasiri wazee huketi barazani, na baada ya Isha akina mama hutandika mikeka uani. Hiyo ni ada ya tangu na tangu, na twamshukuru Mungu kwamba haijatoweka. Linalotutia simanzi ni kile kinachowekwa juu ya sinia mgeni anapopiga hodi. Zamani lililetwa jagi la sharubati iliyokamuliwa na mwenye nyumba kwa mikono yake. Siku hizi, aghalabu, mtoto hutumwa mbio dukani akalete soda.

Twataka ieleweke mapema kwamba hatuna ugomvi na mwenye duka. Anayependa soda na ainywe. Hoja yetu ni kwamba sharubati ya nyumbani ni sehemu ya ukarimu wetu, na ikiachwa ipotee, ukarimu wenyewe utageuka kuwa jambo la wenye fedha tu.

Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, nayo Ngome ya Yesu ya Mombasa ikafuata mwaka 2011. Mawe na milango ya nakshi vimepata watetezi, na ni vizuri. Lakini baraza halikujengwa ili lipigwe picha. Lilijengwa ili watu waketi, wazungumze, na wakirimiane. Tukilinda mawe na kusahau kilichokuwa kikinywewa juu yake, tutakuwa tumehifadhi ganda na kutupa kiini.

Wala mambo haya si ya jana. Msafiri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier, alipopita Mombasa mwaka 1331 aliandika habari za migomba na milimau, na za tunda tamu lenye kokwa, mfano wa zeituni, ambalo alilitaja kwa jina la jamuni. Wengi wameelewa kuwa ni zambarau zetu hizi. Neno sharubati nalo latokana na Kiarabu, katika shina lenye maana ya kunywa, na watu wa Ulaya walilichukua vilevile wakalitia katika lugha zao. Ukwaju Waarabu waliuita "tamr hindi", yaani tende ya Kihindi, na jina la Kizungu likazaliwa hapo. Ajabu ni kwamba mkwaju asili yake ni Afrika. Basi mtu wa Pwani anywapo maji ya ukwaju hajaiga mtu. Anakunywa cha kwao.

Pengine msomaji atasema kwamba kutengeneza ni kazi kubwa. Hebu tuangalie. Chukua robo kilo ya ukwaju, uuroweke katika lita mbili za maji yaliyochemshwa yangali moto. Baada ya saa moja ufikiche kwa mkono safi, uchuje, kisha utie tangawizi mbichi iliyopondwa, iliki mbili tatu, na chembe ya chumvi. Chumvi hiyo ni siri ya wazee, kwani hupunguza ukali wa ukwaju bila kuongeza sukari. Mabungo ni rahisi zaidi: kokwa zake hutiwa majini, zikatikiswa au kufikichwa mpaka nyama iachane nazo, kisha maji yakachujwa. Mwenye madafu matatu na ndimu moja ayachanganye, apasue majani ya nanaa juu yake, asitie kitu kingine chochote. Na embe lililoiva sana, ambalo watoto wamelikataa, likisagwa pamoja na pasheni mbili na maji ya ndimu, hurudi kuwa tunu.

Huo ndio uchanganyaji wa vinywaji tuujuao sisi. Wenzetu kwingineko huchanganya mvinyo na matunda wakaketi nje jioni kuburudika. Sisi dini yetu imetuepusha na hayo, lakini haikutunyima burudani. Kilichokatazwa ni kilevi, na matunda ya Mungu yamebaki tele.

Hata hivyo, hapa pana tahadhari. Mnazi uleule utupao dafu ndio ugemwao tembo, na katika joto letu maji ya tunda hayakawii kuchacha. Katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim twaelezwa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akirowekewa zabibu, akinywa maji yake siku hiyo na zilizofuata, na ifikapo jioni ya siku ya tatu yaliyobaki hunywewa au humwagwa. Nchi yetu ina joto na unyevu mwingi, kwa hiyo heri sharubati inywewe siku ileile ilipotengenezwa, au iwekwe katika friji hadi kesho yake. Ikianza kutoa povu na kuwasha ulimi, imwagwe. Maji nayo yachemshwe, hata yale ya kugandishia barafu, maana kipindupindu hakichagui nyumba ya mkarimu.

Tahadhari ya pili ni sukari. Chupa ya soda ya mililita 300 aghalabu huwa na gramu 30 za sukari au zaidi, yaani kama vijiko vinane vya chai. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile iliyomo katika juisi, isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu ya chakula chetu cha kutwa, na kwamba ni bora zaidi ikishuka hadi nusu ya hapo, yaani gramu 25 hivi kwa mtu mzima. Basi chupa moja tu imekwisha kupita kiwango hicho bora. Lakini tusijidanganye: mama anayemimina nusu kilo ya sukari katika jagi la ndimu hana la kumcheka muuza soda. Faida ya sharubati ya nyumbani ni kwamba kijiko kimo mkononi mwako. Lile jagi la ukwaju likitiwa vijiko kumi na viwili vya chai na kugawanywa kwa bilauri nane, kila mtu amepata kijiko kimoja na nusu cha sukari iliyotiwa. Katika nyumba zetu ambamo maradhi ya kisukari si mageni tena, hilo si jambo dogo.

Sasa turudi kwenye ukarimu. Siku hizi mtu akioza binti yake, hesabu ya kreti za soda hutangulia hata hesabu ya mchele. Asiye nazo hukopa, au hupunguza wageni, kwa kuogopa maneno ya watu. Haya hayo yameingia hata katika futari na maulidi. Nani aliyetufundisha kwamba kumpa mgeni maji ya ukwaju ni kumdharau? Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji afilisike.

Twajua kwamba akina mama wengi leo hushinda kazini na hurudi wamechoka. Basi kazi hii isiachwe mikononi mwao peke yao. Kijana wa kiume ana mikono ya kukamua ndimu, na baba aketiye barazani akingoja sinia anaweza kwenda sokoni kununua mabungo. Bibi naye aulizwe, angali hai, kipimo chake cha iliki na tangawizi, kwani kipimo hicho hakikuandikwa popote.

Mashauri yetu ni haya. Harusi ijayo mtaani, jirani na waitane kukamua, kama walivyozoea kuitana kupeta mchele. Vyama vya akina mama na walimu wa madrasa nao waanze kwa mfano, majagi yawekwe mbele na kreti zikae nyuma. Mwenye uwezo akianza, asiye na uwezo hataona haya kufuata. Na hapo mtu ataweza tena kufungua mlango wake mgeni anapopiga hodi, bila kwanza kupapasa mfuko.