AFYA NYUMBANI: Uvimbe wa Taya Usioisha

Akina mama wenzetu, mwezi huu tumeona tuzungumze nanyi juu ya ugonjwa ambao wengi wetu hatupendi hata kuutaja. Ni saratani ya damu, ambayo wengine huiita kansa ya damu. Mama akiambiwa kwamba mwanawe anayo, mara nyingi hurudi nyumbani akiwa ameshaanza kuomboleza, na majirani nao huja kutoa pole kana kwamba mtoto amekwisha kuzikwa. Sisi twasema kilio hicho ni cha mapema mno. Baadhi ya saratani hizi hupona kwa dawa tu, bila kisu, na mojawapo ya zile za kwanza kabisa duniani kuponywa kwa njia hiyo iliponywa hapa hapa Afrika Mashariki, kwa watoto wetu.

Kwanza tuelewane. Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, katika uboho, ule ulaini ambao sote tumeufyonza kwenye mfupa wa supu. Humo hutoka chembe nyekundu zinazobeba hewa, chembe nyeupe zinazopigana na magonjwa, na chembe ndogo sana zinazogandisha damu mtu akijikata. Chembe nyeupe zikianza kuzaana ovyo na kuzisonga nyingine, ugonjwa huo huitwa lukemia. Chembe za jamii hiyo hiyo zikiasi katika tezi, au tumboni, au tayani, ndiyo limfoma. Ni magonjwa ya ukoo mmoja.

Limfoma ya taya ndiyo yenye historia ya kwetu. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji aitwaye Denis Burkitt aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amwone mtoto wa miaka 5 aliyevimba taya pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Hakuwahi kuona jambo kama hilo. Majuma machache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, alitazama nje ya dirisha akamwona mtoto mwingine ameketi na mama yake, uso umevimba vile vile. Alipompima alikuta na tumboni kuna uvimbe. Burkitt alikuwa Mkristo mcha Mungu, tena mwenye jicho moja tu, kwa maana la pili alilipoteza katika ajali ya utotoni. Hilo moja liliona kile ambacho wengi walikuwa wamekipita. Mwaka 1958 aliandika habari za watoto hao, akaanza kuziuliza hospitali za mbali: je, na kwenu wapo?

Jibu alilifuata mwenyewe. Oktoba 1961, yeye pamoja na Ted Williams na Cliff Nelson, madaktari wa misheni, walipanda gari kuukuu wakasafiri majuma 10, kiasi cha kilomita 16,000. Walipita nchi yetu wakaenda hadi Afrika Kusini, wakisimama hospitali baada ya hospitali, nyingi zikiwa za makanisa, wakiuliza na kuandika kwenye ramani. Ramani ilionyesha kwamba ugonjwa huo hukaa penye joto na mvua ya kutosha, na kwamba karibu na ikweta hauonekani katika nyanda zilizo juu ya mita 1,500 hivi. Kwa maneno mengine, hukaa pale mbu wa malaria anapokaa.

Sisi wa mlimani tusikie vizuri hapo. Vihamba vyetu vya juu vina baridi, na mbu si wengi. Lakini ni nani kati yetu ambaye ukoo wake hauna shamba la mahindi tambarare? Masika yakianza tunateremka na watoto kuelekea Kahe au Arusha Chini, tunalala kibandani bila chandarua kwa sababu "ni siku chache tu". Malaria inayomrudia mtoto mdogo mara kwa mara ni mshitakiwa wa kwanza katika ugonjwa huu.

Mshitakiwa wa pili ni kirusi. Kilionekana London mwaka 1964 na Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, katika chembe za uvimbe zilizosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kuwa kinahusika na saratani ya binadamu. Msiogope, karibu watu wote duniani wanacho, wengi hukipata utotoni kwa njia ya mate, nao hawapati saratani kamwe. Kirusi peke yake hakitoshi. Kwa hiyo hakuna sababu ya kumtengea mtoto mgonjwa kikombe chake, wala kumzuia asicheze na ndugu zake. Saratani yenyewe haiambukizi, wala haitumwi na jirani.

Na tiba je? Kampala ya wakati ule haikuwa na mashine ya mionzi, na upasuaji ulimharibu mtoto sura bila kumponya. Burkitt alijaribu dawa. Uvimbe uliyeyuka kwa siku chache, na baadhi ya watoto hao haukuwarudia tena maishani mwao. Mwaka 1967 kikafunguliwa pale Mulago kituo cha tiba ya limfoma, kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Dawa mojawapo inayotumika hadi leo kwa limfoma na lukemia za watoto ni vinkristini. Hiyo hutoka katika ua ambalo wengi wetu tumelipanda barazani bila kulijua: lile dogo lenye petali 5, la rangi ya waridi au jeupe, ambalo asili yake ni Bukini. Miaka ya 1950 wataalamu wa Kanada waliletewa majani yake kutoka Jamaika, ambako watu waliyachemsha kwa ajili ya kisukari. Kisukari hakikushuka, bali chembe nyeupe za damu zilipungua, na hapo ndipo walipopata fununu. Tunalisema hili kwa makusudi, maana najua itasemwa, "Kumbe ni miti shamba, basi tuichemshe nyumbani." La hasha! Majani hayo ni sumu. Dawa hutolewa humo kwa kiasi kidogo mno, hupimwa kwa uzito wa mtoto, na hupitishwa kwenye mshipa na mtu aliyefundishwa.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe linalotusumbua. Limfoma hii hukua upesi kuliko saratani karibu zote. Chembe zake zaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Nasi tunafanyaje? Jino la mtoto linalegea, tunasema ni la utoto. Shavu linavimba, linang'olewa jino. Uvimbe unabaki, bibi anashauri dawa ya kukanda, shangazi anajua mganga huko Rombo, baba mtoto anangoja kahawa iuzwe. Mwezi umekwisha. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya watoto 8 kati ya 10 wenye saratani hupona, na katika nchi maskini hawafiki 3. Dawa nyingi za kuwatibu ni za miaka mingi. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni kuchelewa kufika, kuchelewa kutambuliwa, na kuacha tiba katikati.

Lukemia ni mjanja zaidi, kwa kuwa huvaa nguo za malaria. Homa inarudi, mtoto anapauka, anaongezewa damu, anachangamka, kisha anapauka tena. Ukiona pamoja na hayo ufizi unatoka damu, au alama za kuvilia damu bila kupigwa, au mtoto anakataa kutembea akilalamika mifupa, usikubali dozi ya tatu ya malaria kabla hajapimwa damu yote kwa ukamilifu. Na tunawasihi: msinunue dukani vidonge vya jamii ya prednisoloni kumpunguzia uvimbe. Huupunguza kweli, kwa siku kadhaa, na kumfichia daktari kile anachokitafuta.

Ili kujua hakika, daktari huhitaji kipande cha uvimbe au uboho kidogo unaovutwa kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga. Wengi hukimbia hapo, wakisema mtoto atapooza. Hapoozi. Mfupa wa nyonga hauna uti wa mgongo, na uboho uliotolewa hujirudisha wenyewe. Huuma, ni kweli, ndiyo maana mtoto hupewa dawa ya ganzi.

Shida nyingine ni kwamba wataalamu wa kusoma vipande hivyo kwa hadubini ni wachache, na majibu huweza kuchukua majuma. Ndiyo sababu tumefurahi kusikia utafiti ulioanza miaka ya karibuni kati ya Muhimbili, hospitali ya Lacor kaskazini mwa Uganda, na Chuo Kikuu cha Oxford. Wanachukua damu tu mkononi, kisha wanatafuta ndani yake vipande vya asili ya chembe za saratani, pamoja na kirusi kile cha 1964. Bado ni utafiti, haujachukua nafasi ya kipimo cha kipande. Lakini kwa mama aliyekaa wodini akihesabu siku, kupunguziwa hata juma moja ni jambo kubwa.

Kwa watu wazima ipo lukemia sugu ambayo hutibiwa kwa vidonge vya imatinibu, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 2001. Vinamezwa kila siku, na kuviacha kwa sababu unajisikia mzima ni hatari. Mashine ya kuipima ni ya aina ile ile ambayo wengi mmeisikia kwa kifua kikuu.

Hapa kwetu, hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya Shirika la Msamaria Mwema, ina kituo cha saratani tangu 2016. Watoto wengine hupelekwa Muhimbili, ambako kazi ya Tumaini la Maisha imewawezesha kutibiwa bila familia kutozwa. Nendeni na barua ya rufaa kutoka zahanati au hospitali ya wilaya, na ustawi wa jamii waulizeni mapema juu ya nauli na malazi, kabla fedha hazijaisha. Tiba huchukua miezi, na kwa lukemia ni miaka. Umoja wa akina mama wa usharika waweza kupangana zamu za kuwaangalia watoto waliobaki nyumbani.

Watoto hawa huhitaji damu mara nyingi. Kituo cha damu salama cha Kanda ya Kaskazini kipo hapa Moshi. Mwenye miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, asiye mjamzito wala anayenyonyesha, anaweza kutoa: wanaume kila baada ya miezi 3, sisi wanawake kila baada ya miezi 4. Wapelekeni na waume zenu.