Gogo alikuwa na lake la kuandika

KAULI YA JUMAMOSI
Na Zaituni Barasa

Priscilla Sitienei alipofariki nyumbani kwake katika Kaunti ya Nandi mnamo Novemba 2022, akiwa na umri wa miaka 99, habari ilisambaa ikiwa na picha ya aina moja tu: ajuza aliyevalia sare ya shule, kazungukwa na watoto. Tuliitazama, tukatabasamu, tukatumiana kwenye simu, kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Sina ugomvi na tabasamu. Ugomvi wangu ni kwamba tumemkumbuka kama kioja.

Gogo, ndivyo Wakalenjin wanavyomwita nyanya na ndivyo dunia ilivyokuja kumwita yeye, hakuingia shule ya Leaders Vision Preparatory kule Ndalat akiwa kichwa kitupu. Alikuwa mkunga. Alizalisha wanawake wa eneo lake kwa zaidi ya miaka 65, na miongoni mwa wanafunzi wenzake walikuwamo aliowapokea kwa mikono yake. Hebu mfikirie mwalimu wa darasa hilo. Anafundisha, na mbele yake ameketi mtu aliyewaona baadhi ya wanafunzi kabla mama zao hawajawaona!

Alizaliwa enzi za ukoloni, wakati shule zilikuwa chache na mtoto wa kike hakuwa wa kwanza kufikiriwa. Uhuru ulipokuja alikuwa mtu mzima mwenye majukumu yake. Serikali ilipoanzisha idara ya elimu ya watu wazima mwaka 1979, na ngumbaru ikawa gumzo la kila kijiji, naye alikuwa amekaribia miaka 60. Mwaka 2010, akiwa anakaribia 90, ndipo alipobisha mlango wa shule. Kwanza wakamkatalia. Baadaye wakamkubali.

Si yeye aliyeanza. Jirani tu, mjini Eldoret, Mzee Kimani Maruge alikuwa ameingia darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo mwaka 2004 akiwa na miaka 84, mwaka mmoja baada ya serikali ya Rais Kibaki kufuta karo ya shule za msingi. Mwaka uliofuata akasafiri hadi New York kuuhutubia Umoja wa Mataifa. Maruge alitaka kuisoma Biblia mwenyewe kwa kuwa alishuku mhubiri wake hafuati yaliyoandikwa. Gogo naye alitaka kuisoma Biblia. Napenda sana udadisi wa namna hii. Wazee hawa hawakuwa wakitafuta cheti cha kutundika ukutani. Walikuwa wamesomewa mambo na watu wengine maisha yao yote, sasa wakataka kukagua.

Shuleni Gogo alifanya hesabu, Kiingereza, michezo na nyimbo pamoja na vitukuu na vilembwe wake. Alilala bwenini na kuwasimulia watoto hadithi usiku. Kijijini, kijana aliyedai umri wa shule umempita alijikuta akiulizwa na Gogo: mimi je? Hapo mtu hujibu nini? Mfaransa Pascal Plisson akaja akamtengenezea filamu, na wageni wengi wakafika Ndalat.

Lakini katika simulizi zote hizo, sababu yake moja ilitajwa haraka haraka kisha ikapitwa. Alitaka kuandika anayoyajua kuhusu uzazi na mitishamba, ili wanaomfuata wayapate. Kalamu yake, basi, haikuwa ya mtu anayekuja kupokea tu. Na sisi tuliomshangilia kwa kujifunza herufi zetu, ni wangapi tuliouliza tungejifunza nini kwake?

Nijihadhari nisieleweke vibaya. Mnamo Juni 2013 huduma za kujifungua katika hospitali za umma zilitangazwa kuwa bila malipo, na binti yangu akishikwa na uchungu nitampeleka hospitali, si kwa mkunga wa jadi. Nyumbani hakuna damu ya akiba wala chumba cha upasuaji. Ila mwanamke aliyekaa na wazazi wenye uchungu kwa miaka 65 anajua kumtuliza mama aliyejawa na hofu, anajua familia ipi huficha matatizo hadi yaharibike, anajua mti upi unasaidia na upi ni hadithi. Hayo muuguzi kijana angefaidika nayo akisimuliwa hata kwa mchana mmoja.

Katika familia zetu nyanya huombwa baraka. Huombwa pia ushauri wa mahari, na akitunzwa vizuri hununuliwa blanketi Krismasi. Haulizwi anataka kujua nini, wala haulizwi anajua nini. Siku ya mazishi ndipo wajukuu huanza kuulizana hata jina la kijiji alikozaliwa, na anayeandika tanzia hujaza nafasi kwa orodha ya watoto waliofanikiwa.

Mwaka 2016, Gogo akiwa bado mwanafunzi, bunge letu lilipitisha Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Tamaduni. Inazitaka serikali za kaunti ziwe na rejista ya maarifa ya jamii zao, ili mtu wa nje asije akayachuma bure na kuyauza. Ni sheria nzuri. Ila rejista haijijazi yenyewe, na wenye maarifa hawaji ofisini kupanga foleni, wengi wao magoti yanawauma. Basi ningependa magavana watujibu wakati wa bajeti ijayo: ni karani yupi aliyetengewa nauli ya kuwafuata nyumbani, na ataanza na nani?