Tuingieni Mji kwa Miguu

Siti binti Saad aliingia mjini kwa miguu. Alitoka Fumba, kusini mwa Unguja, vyungu vya udongo kichwani, akivinadi mtaa kwa mtaa, na inasimuliwa kwamba wateja waliisikia sauti yake kabla hawajaviona vyungu. Alizaliwa karibu na mwaka 1880 na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Mwaka 1928 alikuwa Bombay, akirekodi santuri kwa Kiswahili, baada ya taarab ya kasri kuimbwa miaka nenda miaka rudi kwa Kiarabu. Mwanamke yule yule, sauti ile ile. Mji Mkongwe wa Unguja ulimsikia kwa sababu nyumba zake zimesogeleana, njia zake ni nyembamba, na anayeimba chini husikika ghorofani bila ya kipaza sauti.

Naanza na Siti kwa kuwa nina ombi, na ombi lenyewe ni la miguu na masikio. Sisi tunaokaa Ng'ambo, Fuoni, Mwanakwerekwe na Bububu, na nyinyi ndugu zetu wa Bara mnaoshuka na boti ya asubuhi mkarudi na ya jioni: tuingieni Mji Mkongwe kwa miguu, taratibu, tuusikilize. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa kwetu mgeni amekuja kweli, amenunua ramani, amejua njia ya Hurumzi na ya Kiponda, na mwenyeji hayupo. Sisi tunaingia Mji kufuata karatasi ofisini, kupanda boti, au kula urojo Forodhani siku ya Idi. Tukimaliza, tunatoka kwa njia ile ile tuliyoingilia. Wapo watoto waliozaliwa mwendo wa nusu saa kutoka hapo ambao hawajawahi kusimama karibu na ala ya kanuni, wakaona vidole vikipita juu ya nyuzi zaidi ya 70.

Mimi pia nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa nikishikwa mkono na mama kwenda sokoni Darajani, na jioni moja, kwa kuwa alitaka kumpitia shangazi yetu, tulikata ndani. Katika kichochoro kimoja mama alisimama ghafla. Juu, nyuma ya dirisha la mbao, mtu alikuwa akirudiarudia kipande kimoja cha fidla. Anakosea, anaanza tena, anakosea, anaanza tena. Tulisimama pale mpaka akapatia. Mama akasema tu, "Haya, twende." Siku ile ndipo nilipojua kwamba muziki hufanywa na watu, tena kwa jasho.

Basi anzeni hapo Darajani, Ijumaa au Jumamosi baada ya alasiri, jua likishapungua ukali. Soko lenyewe lina umri wa zaidi ya karne, lilijengwa 1904. Likateni mwingie Mkunazini. Msiogope kupotea, kwani Mji umepakana na bahari kwa sehemu kubwa, na atakayetembea moja kwa moja ataibukia majini au barabara kuu. Mkunazini pana kanisa la Anglikana lililojengwa juu ya soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Hapo simameni kidogo. Sehemu kubwa ya ngoma zilizokuja kuvuma Ng'ambo zina mizizi kwa watu waliofikishwa kisiwani kwa minyororo na vizazi vyao, na Siti mwenyewe wazazi wake walikuwa na asili ya Bara. Kidumbaki, ambayo hadi leo huwainua watu vitini harusini, ina ngoma mbili ndogo, fidla, cherewa, mkwasa, na sanduku, yaani besi ya uzi mmoja iliyofungwa juu ya sanduku la mbao. Watu wasiokuwa na pesa za ala za kasri walitengeneza za kwao, na watu wakacheza.

Kutoka hapo ingieni Sokomuhogo hadi Jaws Corner. Kaeni barazani. Muuza kahawa atawamiminia kutoka kwenye dele, na vikombe anavyovigonganisha mkononi vina mdundo wake, usikilizeni. Hapo ndipo pa kuuliza. Wazee waliokaa kwenye zile baraza walisikia taarab ukumbini kabla hatujazaliwa. Wanajua nani alikuwa mpiga udi hodari na wimbo gani ulimlenga nani. Shikamoo moja na kikombe kimoja cha kahawa vinatosha kufungua simulizi ya saa nzima, na simulizi hizo nyingi hazijaandikwa popote. Kijana mwenye simu, omba ruhusa kwanza, kisha rekodi.

Mkifika Shangani mtaikuta nyumba yenye makumbusho ya Freddie Mercury, yaliyofunguliwa 2019. Farrokh Bulsara alizaliwa hapa Unguja mwaka 1946 na wageni hupiga picha mlangoni pake kutwa. Ingieni, ni mtoto wa kisiwa hiki. Ninachoomba ni kwamba msiishie hapo.

Maana hatua chache mbele ipo Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, na ndani yake ndimo tamasha la Sauti za Busara lilipoota mizizi tangu 2004, kila Februari. Jirani yake ni Beit al Ajaib, ya mwaka 1883, kasri la sherehe la Sultan Barghash. Inasimuliwa kwamba Barghash ndiye aliyewaleta wapiga ala wa Misri, kisha akampeleka Mohamed bin Ibrahim Cairo kujifunza kanuni. Kwa hiyo taarab yetu ilipitia kasrini kabla ya kushuka mitaani na kupata Kiswahili chake. Jumba hilo lilistahimili mizinga ya Waingereza mwaka 1896. Tarehe 25 Disemba 2020, upande wake mmoja uliporomoka na watu wawili wakafa. Nililia siku ile, na sioni haya kulisema. Mji huu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini hadhi hiyo haizibi paa linalovuja. Nyumba ya chokaa na mawe isiyokaliwa wala kupitiwa na wenyewe huanza kufa kimyakimya, na sauti za ndani yake hufa nayo.

Fuateni bahari, mpite Mizingani. Hapo, ndani ya Forodha Kongwe, kwa miaka mingi kilisomesha chuo cha muziki cha nchi za jahazi, kilichoanza 2002. Watoto wa Unguja walijifunza humo udi, nai, fidla na ngoma, na baadhi yao leo wanapiga katika makundi makubwa na kusomesha wengine. Kuna wakati chuo hicho kilikaribia kufunga milango kwa kukosa fedha. Hilo linapaswa kutuuma sisi kwanza, kabla ya mfadhili yeyote wa Ulaya.

Kisha Malindi, nyumbani kwa Ikhwani Safaa, kundi lililoanzishwa mwaka 1905. Hesabuni wenyewe: limeona masultani, Mapinduzi na Muungano, na bado linapiga. Ndugu zao wa Culture Musical Club, walioanza 1958, wako upande wa Vuga. Wapo pia Tausi, kundi la wanawake watupu, na yupo Siti Muharam, kitukuu cha Siti binti Saad, anayeziimba nyimbo za bibi yake kwa sauti ya leo. Mkisikia ala zinalinganishwa ndani, pigeni hodi. Mara nyingi mtaambiwa karibu. Kaeni kimya nyuma, simu mfukoni, msikilize jinsi bashrafu, yaani kipande cha ala tupu, inavyojengwa kidogo kidogo. Mkipendezwa, tieni mkono mfukoni. Kutunza ni desturi yetu ya zamani, na mpiga fidla naye ana watoto wa kusomesha.

Mwenye hoteli nawe nakuomba jambo. Sauti ya taarab unayoipiga kwa wageni wako wakati wa chakula cha usiku imetoka kwa watu walio hai, dakika kumi kutoka jikoni kwako. Waite, walipe ujira wa kueleweka, uwape na kiti. Mwalimu wa skuli, ziara moja kwa mwaka kwenye chumba cha mazoezi haina gharama ya basi kama skuli yako iko Ng'ambo. Ni kuvuka barabara tu. Na wewe kijana wa vespa, wallahi nakupenda, lakini vile vichochoro vilijengwa kwa punda na mpita njia. Zima injini mwanzo wa mtaa, sukuma. Huenda ukamsikia mtu dirishani.

Vaeni nguo za heshima, kwani watu wanaishi mle, na si maonyesho. Adhana ikitoka, nyamazeni. Msipige picha ya bibi aliyekaa kizingitini kwake bila ya kumwamkia. Haya mnayajua, nakumbusha tu.

Ijumaa hii, baada ya alasiri, mimi nitakuwa barazani Jaws Corner na wajukuu wawili wa shangazi yangu yule tuliyekuwa tukimwendea. Mkubwa ana miaka tisa na anataka kujua kwa nini sanduku lina uzi mmoja tu. Nimemwambia tutamuuliza mwenye kulipiga. Mkituona, sogezeni miguu mkae.