Niliingia kwa Kioo cha Simu

Akina mama na jamaa zetu mnaosoma ukurasa huu kila Ijumaa, juma hili nawasimulia kosa langu mwenyewe.

Mwaka uliopita nilialikwa Habaswein, mji ulio njiani baina ya Garissa na Wajir, karibu na kinamasi cha Lorian. Jina lake kwa Kisomali lamaanisha vumbi jingi, na wallahi halikutiwa bure. Nilishuka garini kanzu yangu nyeupe imekuwa rangi ya udongo. Nyuma ya nyumba ya mwenyeji wangu, bibi mmoja mtu mzima alikuwa akifunga aqal, ile nyumba ya Kisomali ya fito zilizopindwa na kufunikwa mikeka. Wajenzi wake ni wanawake, nao huifungua wakaipakia juu ya ngamia siku ya kuhama. Pembeni zilisimama nyumba za mabati. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliangamiza mifugo mingi huko, na asiyebakiwa na ngamia ana haja gani na nyumba ya kuhama?

Nikatoa simu, nikapiga picha bila ya kuomba idhini. Nikaituma katika kundi letu la WhatsApp. Kabla ya Isha ilikwisha kurudi Habaswein kupitia simu za watu nisiowajua, imeandikwa chini yake kwamba huyu ni maskini asiye na makao. Mjukuu wake akaniletea, machozi yakimtoka.

"Sheikh, ayeeyo ana nyumba. Hii alikuwa akinifundisha mimi kujenga."

Mara ngapi nimewasomesha Sura an-Nur, aya ya 27, juu ya kutaka idhini kabla ya kuingia nyumba za watu! Nami niliingia kwa kioo cha simu. Kuhusu picha yenyewe wanazuoni wamekhitilafiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliona kwamba kamera huzuia kivuli tu, haiumbi kitu. Rai hiyo naikubali. Lakini sitara ya aliyepigwa picha ni haki yake, wala haikuwa katika khitilafu hiyo. Hata Sheria ya Kulinda Data ya Kenya, ya 2019, yataka ridhaa ya mzazi katika taarifa za mtoto. (Walimu wenzangu mnaowapiga watoto picha siku ya Maulidi, nasi tumo.)

Asubuhi nilikwenda kumtaka radhi. Kisomali changu hakivuki salamu, hivyo mjukuu ndiye aliyefasiri. Bibi alicheka kwanza, kisha akauliza kama katika picha ile mafundo ya kamba yanaonekana. Hayakuonekana.

"Basi ilikuwa na faida gani?" akasema. "Njoo kesho baada ya Alfajiri. Piga mikono yangu na mafundo. Uso wangu uache. Huyu atakwenda shule mbali, akisahau atatazama."

Nilikwenda. Zile picha za mafundo zimo katika simu ya yule binti, kwangu haikubaki hata moja. Ile ya kwanza niliwaomba wanakundi waifute, na wengi walifuta. Juzi mtu wa Malindi ameniletea tena, akiniuliza kama tuwachangie wale maskini wa Habaswein.