Samba Si ya Wareno, Wala Siri Yake Haiko Kiunoni

Kijana wa Kizingo, Mombasa, akitaja kwamba anataka kujifunza samba, atasikia mengi kabla hajainua mguu. Madai manne hurudiwa zaidi, na yote yana kasoro.

"Samba ni ngoma ya Wareno." Hoja ya wasemao hivyo ni kwamba Brazil ilitawaliwa na Ureno. Je, Mombasa? Wareno walianza kujenga Fort Jesus, si mbali na Kizingo, mwaka 1593, wakafukuzwa 1698. Walikaa karne nzima, na samba hawakutuachia. Nakubali kwamba lugha ya nyimbo na gitaa vilitoka kwao, lakini mapigo na uchezaji vilitoka kwa Waafrika waliopelekwa utumwani Bahia, Brazil, wakiwemo wa kutoka Kongo na Angola. Watu wa Bahia walihamia Rio de Janeiro kwa wingi, hasa baada ya utumwa kufutwa mwaka 1888. Huko, nyumbani kwa Tia Ciata, mama wa Kibahia, wanamuziki walikutana hata polisi walipokuwa wakiwaandama wapiga samba. Mmoja wao, Donga, aliandikisha "Pelo Telefone" mwaka 1916, wimbo uliofungua njia ya samba kwenye santuri.

"Ukijua chakacha, umeshaijua samba." Undugu upo: ngoma, duara, kiuno. Lakini chakacha, ngoma ya harusi zetu za pwani, hupigwa kwa sita, tatu tatu. Samba huenda mbili mbili. Mwanamke wa Mombasa akijifunga leso kucheza chakacha, kiuno huongoza na miguu hufuata taratibu. Kwenye samba, miguu ndiyo yenye kazi kubwa. Anayetoka chakacha ana faida ya sikio la ngoma, ila miguu yake itabidi ianze upya.

"Siri iko kiunoni, na asiyezaliwa nayo haiwezi." Kiuno cha samba hakizungushwi kwa makusudi, hutikiswa na magoti na nyayo. Legeza magoti, uzito uwe kwenye sehemu ya mbele ya nyayo. Rudisha mguu wa kulia nyuma kidogo, kanyaga wa kushoto papo hapo, kisha rejesha wa kulia mbele na ukanyage nao. Sasa zamu ya kushoto. Hatua tatu ndani ya mapigo mawili: ugumu ni huo tu, nao huisha kwa mazoezi. Anayekaza kiuno ili kionekane ndiye anayechelewa mapigo.

"Ni ngoma ya utupu." Manyoya na mavazi mafupi ni ya karnivali ya Rio. Samba de roda ya Bahia, ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2005 kama urithi wa binadamu, huchezwa na kina mama waliovaa sketi pana ndefu, katikati ya duara la watu wanaopiga makofi, na nyayo haziinuki sana. Anayeikataa karnivali kwa ajili ya dini yake ana haki yake. Asiihukumu ngoma nzima kwa picha za televisheni, kama tusivyopenda chakacha ihukumiwe na mtu ambaye hajawahi kuketi kwenye harusi zetu.

Basi anayetaka kujifunza na aanze na miguu, polepole, kwa makofi kabla ya muziki. Na mwalimu anayefundisha hatua bila kuwataja watu wa Bahia amefundisha nusu ya somo.